Koko Iko mu Frigo

Wiki iliyopita moto ulikwenda na haukurudi. Moto ndivyo tunavyouita umeme hapa Bunia, na ukienda hatuulizi umekwenda wapi, tunauliza tu kama jirani naye hana. Mwanzoni sikuifungua frigo, kwa sababu nililelewa na mwanamke aliyetufundisha kwamba kila unapofungua frigo iliyozimika unaitoa baridi nje kwa mkono wako mwenyewe. Nikajikaza. Nikaifunika blanketi, nikaiacha. Lakini moto ulipozidi kukawia ikabidi nifungue, na ile harufu ikanipiga puani: maji ya barafu ya zamani, damu, mpira wa mlango, samaki. Haikuwa bado harufu ya uozo. Ilikuwa harufu ya kitu kilichochoka kujizuia.

Nikakaa chini kwenye saruji, sina nguvu ya kupika vyote wala moyo wa kuvitupa. Nimefika umri ambao mtu kabla ya kukaa chini anafikiri kwanza atainukaje. Ninyi wa rika langu mnanielewa. Nyama nikaigusa kwa kidole, imelegea kabisa, haina baridi tena. Hiyo nikaiweka upande wa kutupwa. Mboga zilizopikwa nazo nikaziaga. Na nikiwa pale chini, ndoo ya maji ya limau pembeni na kitambaa begani, nikawa mtoto tena katika nyumba yetu ya mtaa wa Saio, kipindi kile tulipokuwa tunamngojea mjomba wangu Faustin na Koko alikuwa mu frigo.

Koko ni nyanya yangu, mama yake Mama. Aliishi nasi tangu sijaanza kutembea. Baba alikuwa dereva wa lori, na lori la barabara ya Kisangani ni mali ya matope kuliko ya mwenyewe. Tulimwona akija, tukaanza kumzoea, akaondoka. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya Mama, na Mama alikuwa wa frigo.

Ilikuwa kubwa, nyeupe, ya kulala kama sanduku, na kifuniko chake kilikuwa kizito hivi kwamba sisi watoto tulikatazwa kukigusa. Wengine huko mbali wana jina la ile inayopoza tu na jina jingine la ile inayogandisha. Kwetu kila kinachotoa baridi ni frigo, kisimame au kilale, kiwe kidogo cha soda au kikubwa cha nyama. Jina ni moja tu, na jina hilo ndilo lililonipoteza.

Kwenye kipande chetu cha mtaa hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Basi watu walileta. Samaki kapitene wa ziwani aliyenunuliwa mapema kwa ajili ya ubatizo, mbuzi wa sherehe, maharage yaliyopikwa mengi kupita kiasi. Kila mtu alifunga mfuko wake kwa kipande cha kitenge chake ili vitu visichanganyike, na ukifunua kifuniko uliona kina mama wote wa mtaa wamelala humo, mmoja wa maua mekundu, mwingine wa majani ya kijani. Walileta, wakashukuru, wakaenda zao kulala. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mama ndiye aliyebaki akisikiliza kama mashine bado inanguruma, na ikinyamaza hata katikati ya sala ya usiku, aliiacha sala.

Alikuwa na sheria zake, na alizisema kwa sauti ya mtu aliyezisema mara nyingi mno. Sufuria yenye joto haiingii. Iachwe kwanza ipoe, ifunikwe. Nyama mbichi inakaa chini kabisa, isije ikadondosha damu juu ya kilichopikwa. Samaki wana upande wao. Kila kitu kikatwe vipande vya mlo mmoja, maana ukigandisha kondoo mzima utalazimika kumtoa mzima. Kisichofunikwa vizuri baridi inakiunguza, kinapata mabaka meupe, kinakuwa kigumu. Nafasi zilizo wazi zijazwe chupa za maji, zigande, zilinde baridi siku moto ukienda. Na kitu kikishalegea hakirudishwi.

Lakini hakusema kugandisha, wala kuyeyuka. Mama alisema kulala na kuamka. "Usitie kitu ya moto, utaamusha wengine," aliniambia. Nyama ikitakiwa kwa kesho aliitoa mapema, akaiweka ndani ya beseni yenye maji ya baridi kwenye kona ya giza, akaifunika. "Hii tunaiamusha polepole. Ukiamusha na jua, inje inaoza, ndani ingali barafu." Mimi nilimsikiliza kwa makini, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kusikiliza. Kwa macho yangu nilikuwa nimeona samaki mgumu kama ubao akiingia beseni asubuhi, na jioni mkia wake ukipinda laini, macho yakiwa maangavu. Sikuwa na sababu ya kutoamini kwamba ameamka.

Koko aliichukia frigo waziwazi. Yeye alitoka upande wa ziwa, alikulia kwenye moshi na chumvi, na alikuwa na makayabo yake, samaki wa chumvi, yakining'inia jikoni juu ya moto wa kuni, meusi, hayamwogopi mtu. Aliita frigo mke wa pili wa Baba. "Ile bibi ya pili ya bwana yako," alikuwa akimwambia Mama, na hapa muelewe kwamba kwetu bibi ni mke, "anakula moto kila siku, na hazae." Mama alizidi kufuta kifuniko. Ndipo Koko alikuwa akiongeza la mwisho, huku akigeuza samaki wake: "Baridi haiponyeshe kitu. Inachelewesha tu." Walipendana, lakini jikoni walikuwa kama wake wenza kweli.

Kisha Koko akaugua. Sikumbuki ugonjwa, nakumbuka tu kwamba aliacha kumtania Mama. Alipopelekwa hospitalini alibebwa hadi kwenye gari la jirani, na kabla mlango haujafungwa alimshika Mama mkono akamwambia jambo ambalo sote tuliokuwepo tulilisikia, na mbele kwetu ni kabla: "Musinifunike uso mbele Faustin anione."

Faustin alikuwa kitinda mimba wake. Alikuwa Kilo, kwenye mashimo ya dhahabu, na barabara ya kutoka huko ilikuwa imefungwa kwa sababu ya watu wenye bunduki. Siku nyingine ilifunguliwa, siku nyingine ilifungwa tena saa ileile, na aliyeamua kupita alipita na Mungu wake. Mama akasema ndiyo. Alimwambia mama yake ndiyo kama mtu anavyomwambia mgonjwa lolote, lakini mimi namjua Mama. Neno ndiyo kwake lilikuwa kitu cha kubebwa.

Mama aliporudi kutoka hospitalini mara ya mwisho alikaa kwenye kizingiti cha jikoni bila kuvua viatu. Mama Vero, jirani yetu na rafiki yake wa karibu, alikuja akasimama mbele yake. Mimi nilikuwa ndani nachambua mchele.

"Imeisha," Mama akasema. "Wamemuweka mu frigo. Tunamungojea Faustin."

Mama Vero akaweka mikono kichwani, akafungua kinywa, na Mama akamwinulia kidole. "Mutu asilie. Njia ingali na masikio."

Lazima niwaeleze hapa. Kwetu mtu aliye njiani haambiwi kifo. Anaambiwa mgonjwa amezidi, aje. Mtu akibeba kilio barabarani anaweza kukosea njia, na barabara ile kulikuwa na vizuizi ambako jibu moja la mtu asiye na akili timamu lingeweza kumgharimu uhai. Na habari ya matanga ina mbio. Ukilia Saio asubuhi, mchana kuna mtu wa Kilo anampa pole mwenzake. Kwa hiyo Mama aliwazuia wote. Hakuna kilio, hakuna hema uani, hakuna viti vya kukodi. Alimwita Faustin kwa simu ya upepo ya misioni, juu ya kilima, akamwambia mama yao anaugua sana, aje. Aliporudi alilala chini kwa muda, akainuka akaenda kufuta mpira wa frigo kwa limau.

Sasa mnaniona mimi, mtoto mwenye mchele mapajani. Imeisha: nilielewa matibabu yameisha. Mu frigo: nilielewa kabisa, hospitali nayo ilikuwa na yake. Tunamngojea Faustin: bila shaka, maana kitu huwekwa kwa ajili ya siku kitakapohitajika, na mwenye kukihitaji alikuwa bado hajafika. Faustin akija watamtoa Koko, watamwamsha polepole. Nilifurahi kwamba wazo hilo lilikuwa la Mama, na kwamba mwisho wake Koko amekubali kuingia kwa yule mke wa pili. Nilijua akiamka atakuwa na ya kusema.

Niliuliza swali moja tu. Nilimuuliza Mama kama Koko wamemfunika vizuri, baridi isije ikamuunguza. Mama alinitazama.

"Wamemufunika vizuri," akasema.

Nilikuja kujua miaka mingi baadaye kwamba tangu dakika ile alidhani naelewa yote. Alimwambia Mama Vero kwamba mtoto huyu ana moyo wa mtu mzima. Watu wazima wakaanza kunishika kichwa wakipita, na mimi nikadhani wananipongeza kwa mchele.

Tukangoja. Sijui niwaelezeje kungoja kule, nyumba isiyolia. Mama alipika, alifagia, alipokea mifuko ya watu na kuipanga, ya ng'ombe chini, ya samaki kushoto. Wageni walikuja wakakaa kimya, wakaulizwa habari za safari, wakaondoka. Faustin alitoa habari akiwa njiani, kisha hakutoa tena. Barabara ilifungwa. Ikasemekana imefunguliwa. Mama akawa anaanza sentensi na kuisahau katikati, anabaki na kijiko mkononi. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu ya jana.

Halafu moto ukaenda. Si wa kwetu tu, mji wote. Mama alifunga kifuniko cha frigo, akakitandikia magunia na blanketi, akatukataza hata kukiegemea. Mchana wa siku iliyofuata mlinzi wa nyumba ya maiti ya ile hospitali akatuma ujumbe. Jenereta yao ilikuwa mbovu, inakohoa na kuzimika. Wenye watu wao waje kuwachukua wazike, au walete barafu. Nilimsikia kijana aliyetumwa akiyasema hayo mlangoni. Hakusema maiti, alisema watu. Alisema familia karibu zote zimeshachukua watu wao.

Mama alisimama uani, mikono imening'inia. Ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza. Kila nilichojua kuhusu frigo kilikuwa kinaniambia kwamba Koko akilegea kabla Faustin hajafika, hatarudishwa tena. Sijui kama kulikuwa na mtu mwingine katika mtaa ule aliyekuwa na hofu sawa na ya Mama kwa kiasi kilekile. Tulikuwa wawili.

Barafu ilikuwepo. Zile chupa zote za nafasi wazi, na mabonge aliyogandisha kwenye makopo makubwa kwa ajili ya siku mbaya, zilikuwa ndani ya frigo yetu, zimezunguka nyama za watu. Ukizitoa, vitu vya mtaa mzima vinalegea kwa siku moja. Mama akamwita Mama Vero, maana mbuzi mkubwa kuliko wote humo alikuwa wake, aliyewekwa kwa ajili ya karamu ya mahari ya binti yake. Akamweleza. Hakumwomba, alimweleza tu, kwa sauti ndogo.

Mama Vero akaangalia frigo, akamwangalia Mama. "Tosha yote," akasema, yaani toa yote. "Nyama iko na moshi na chumvi. Mama yako iko na weye tu."

Basi frigo ikafunguliwa. Watoto tukatumwa kwa wenye vitambaa vyote waje. Hakuna aliyegomba, au aliyegomba aligombea nyumbani kwake. Mabonge ya barafu yakatolewa, yakazikwa ndani ya magunia yaliyojazwa unga wa mbao kutoka kwa seremala wa jirani, maana unga wa mbao unazuia joto kuliko blanketi. Hilo Mama alilijua kutoka kwa wachuuzi wa samaki wa ziwani. Mdomo wa gunia ukashonwa. Mimi nilikuwa na mifuko yangu midogo ya maji matamu ya tunda la marakuja, imegandishwa kwenye kona, ambayo kila mtu alijua ni yangu. Nikaitoa yote nikampa Mama.

"Hii ya Koko," nikamwambia. "Akiamuka atakuwa na kiu."

Mama aliichukua. Alinigeuzia mgongo, akashika ukingo wa frigo, kisha akaitia kwenye gunia pamoja na barafu nyingine. Mara hiyo nadhani alijua kwamba sijui. Lakini pikipiki ilikuwa inangoja nje, barafu inadondoka, na mwanamke aliyechoka vile hana nguvu ya kuua mtu mara mbili.

Uani kukawashwa moto mrefu. Kina mama wakajenga chanja la miti, wakatandaza kapitene waliopasuliwa, nyama ikapakwa chumvi ikaning'inizwa, mbuzi wa mahari akakatwa vipande vya kukaushwa. Moshi ulipanda juu ya Saio hadi wapita njia wakawa wanasimama kwenye lango kuuliza, kwa adabu, kama kuna msiba. Mama alitoka kuwajibu, macho mekundu ya moshi na ya mengine.

"Frigo imekufa," aliwaambia.

Wakampa pole, wakaenda. Alikuwa hajasema uongo. Shimo la kutosha kulala mtu lilikuwa limefunguka kati ya maneno yake hayo mawili, nami nilikuwa nimesimama katikati, sioni lolote.

Mama akaenda na kurudi. Kila aliporudi magunia yalikuwa matupu, kitenge chake kimelowa hadi magotini, na vidole vyake vyeupe, vimekunjamana. Barafu yetu ilipokwisha alikwenda kwa mchuuzi wa samaki aliyekuwa na jenereta, akarudi na mabonge yenye magamba ya samaki ndani. Sikuruhusiwa kwenda naye. Jioni alikuwa anakula amesimama, kwa sababu akikaa anasinzia, na akisinzia anashtuka akiuliza kama wamefunga mlango. Mama Vero alimwambia ampumzishe mama yake, azike, Faustin atauona msalaba. Mama alitikisa kichwa tu.

Faustin alifika mchana, jua likiwa kali. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anageuza samaki. Mimi nilikuwa langoni. Pikipiki ikasimama, na mtu mwekundu wa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu akashuka kwa shida, kuku hai mkononi, amefungwa miguu. Alikuwa amemletea mama yake kuku wa supu. Sikumtambua mpaka alipotabasamu.

"Mama iko hospitali gani?" akaniuliza. "Anakula?"

Nilifurahi mno. Nilikuwa na habari njema, nami ndiye wa kwanza kuitoa.

"Koko iko mu frigo," nikamwambia. "Tulikuwa tunakungojea weye tu."

Mjomba wangu hakuanguka, hakupiga kelele. Alimweka kuku chini taratibu, kama anaogopa kumwamsha, kisha akachuchumaa mbele yangu. Akaniuliza tangu lini. Nikamweleza yote, kwa kiburi cha mwenye nyumba: moto ulivyokwenda, barafu, unga wa mbao, mbuzi wa Mama Vero. Nikamwambia Mama hakulala. Nikamwambia lile nililojua atataka kulijua kuliko yote.

"Mama alimuchunga vizuri. Hajaharibika hata kidogo."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, machozi yakichora njia kwenye vumbi. "Aksanti," akaniambia. "Aksanti, mama." Aliniita mama kama tunavyowaita watoto wa kike tunapotaka kuwaheshimu.

Hadi leo, kwenye harusi na kwenye matanga, kuna ndugu wanaosimulia kisa hicho mbele yangu, nacheka nao, na nimechoka nacho. Hawakuwa langoni. Kile ninachokumbuka ni kwamba Faustin alizunguka nyumba, na Mama akageuka na mti wa kugeuzia samaki mkononi. Najua sasa kwamba alikuwa ameitayarisha sentensi yake siku zote zile, ameichagua, ameipima, maana midomo yake ilianza kwenda kabla ya sauti. Faustin akamzuia.

"Mutoto amesha niambia," akasema.

Mama akakaa chini palepale kwenye majivu. Mgongo wake ulilegea wote kwa pamoja. Kisha kilio chake kikatoka, na cha Mama Vero kikakijibu kutoka upande wa pili wa ukuta, na cha nyumba ya tatu, mpaka mtaa mzima ukawa unalia kilio kilichokuwa kimewekwa. Mimi sikuelewa. Aliyengojewa amefika, barafu imetosha, watu wanalia nini?

Asubuhi iliyofuata wakamleta Koko nyumbani katika sanduku. Waliliweka uani chini ya hema, kifuniko kimefunguliwa, na Faustin akasimama akamtazama usoni kwa muda wote aliotaka, hakuna aliyemharakisha. Alimpangusa paji la uso kwa kiganja. Alimwambia kitu sikioni. Hapo ndipo Mama alipovuta pumzi moja ndefu, na nikaona kwamba lile neno ndiyo alilotoa kwenye mlango wa gari amelitua.

Jua liliposogea likaanza kufika kwenye miguu ya sanduku. Nikamvuta mjomba nguo nikamwambia wasimweke juani, aamshwe polepole, kivulini. Watu wakanong'ona kwamba mtoto huyu ana heshima. Sanduku likasogezwa. Faustin akanikalisha kwenye mkeka, kati ya sanduku na Mama, akasema nikae hapo na Koko.

Kwaya ya kanisa ikaanza nyimbo. Mama alikuwa ameegemeza bega kwenye ubao wa sanduku, na katikati ya wimbo wa pili akalala. Hakusinzia, alilala usingizi mzito, kinywa wazi, mikono imefunguka mapajani. Shangazi mmoja wa upande wa Baba aliona aibu, akainama kumtikisa, kwamba si adabu mwenye msiba kukoroma mbele ya watu.

"Mumuache," Faustin akasema. "Amechunga ya kutosha."

Kwaya ikateremsha sauti. Nikawa nimekaa kati ya wanawake wawili waliolala. Kitenge cha Mama kilikuwa kinapanda na kushuka kifuani, kinapanda na kushuka. Nikageuka nione cha Koko kimefikia wapi. Shuka lake jeupe lilikuwa limetulia. Nikangoja. Nikarudi kwa Mama, kikapanda, kikashuka, na nikarudi tena kwa Koko, nikamtazama kwa uvumilivu wote niliofundishwa. Watu waliimba wimbo mzima nikiwa namtazama. Hakuna aliyeniambia lolote. Nikainama nikaweka kichwa changu kwenye mapaja ya Mama, polepole, nisimwamshe.